Maziwa ya Vidonda Nisivyokuwa Navyo

Kiwandani kwetu, kule chini ya Bugolobi, mtu hakuugua peke yake. Ukitaka kutumia kadi ya bima, kwanza unapita kwa mama wa ofisi akugongee muhuri karatasi ya kliniki. Akishagonga, anamwambia nyapara wetu wa kufunga biskuti, nyapara anazungusha kofia ya michango, na Jumamosi kundi zima linakuja kwako na sukari, mkate na maombi. Mimi, mtoto wa Busia upande wa Kenya, niliyekuja Kampala na begi moja na ndoto ya kufungua duka la keki, niliupenda sana utaratibu huo. Niliupenda nikiwa upande wa wanaokwenda kumwona mgonjwa.

Ugonjwa wangu mimi haukuwa na mahali pa kushika. Kazini ndiye niliyewachekesha wote. Jioni nikifika chumbani kwangu Luzira, nilikaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, nikisikiliza mabehewa yakigongana kule Port Bell, mpaka giza likanikuta hapo hapo, taa sijawasha, chakula sijapika. Siku nyingine nililia, na ukiniuliza kwa nini, sikuwa na la kukwambia.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyenipeleka kwa mshauri. Mshauri huyo alikuwa mwanamke wa kaskazini, binti wa polisi, aliyekulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko.

"Wewe toa viatu kwanza," aliniambia. "Halafu ongea. Mimi iko hapa tu."

Katika mji huo Kiswahili changu nilikitumia kununua nyanya na kubishana nauli. Hakuna aliyekuwa amekaa kitako kukisikiliza. Nilivua viatu, nikaongea mpaka koo likanikauka.

Nyumbani kwake nililipa kutoka mfukoni. Kila Jumanne alikaa katika kliniki inayopokea kadi yetu, na huko bima ingelipa yote. Nilichagua mfuko wangu. Jiko la keki nililokuwa nikiliwekea akiba nikaliambia lisubiri kidogo. Lakini mshahara wa kufunga biskuti hauna urefu. Nilianza kwa kwenda kila wiki, nikawa nakwenda mwisho wa mwezi tu, kisha nikakosa hata huo mwisho wa mwezi. Viatu vikarudi kulala na mimi.

Nilipomwendea kumuaga, alinitazama.

"Kadi si unayo?"

"Ninayo."

"Sasa unaogopa nini?"

"Watakuja."

"Nani?"

"Wote."

Alicheka, kisha akaacha. "Mtu iko peke yake namna hii, na anaogopa wageni?"

"Wataniuliza ninaumwa nini. Mimi ndiye wa kuchekesha, mama. Nitawaambia nini?"

Alisema tu kwamba Jumanne atakuwa kliniki.

Jumatatu nikasimama mbele ya mama wa ofisi, mikono nimeifungia tumboni kwa woga. Akaitazama mikono, akasikitika kwa neno la Luganda. "Bambi. Ni vidonda vya tumbo. Hata dada yangu alianza hivyo hivyo." Muhuri ukagonga kabla sijafungua mdomo.

Jumamosi walijaa chumbani kwangu, wengine kitandani, wengine mlangoni. Walileta maziwa, kwa sababu ya vidonda. Nyapara mwenyewe aliyachemsha, akanisimamia nikinywa.

"Vidonda vinaletwa na mawazo," alisema.

"Huyu?" akadakia msichana wa mizani. "Huyu mawazo atayatoa wapi? Labda alikula biskuti zetu zilizovunjika."

Wakacheka, nami nikacheka, na nilicheka kwa kweli, maana chumba hicho hakikuwahi kusikia watu wengi hivyo. Waliliombea tumbo langu kwa Luganda na kwa Kiswahili. Nikawasindikiza mpaka kituoni, wakapanda, nikarudi. Vikombe nilivyoazima kwa majirani vilikuwa bado na joto. Nilikaa navyo kwa muda kabla ya kuviosha.

Jumanne iliyofuata niliyasimulia hayo kliniki.

"Maziwa ulikunywa?" mshauri aliuliza.

"Nilikunywa."

"Ilikuwa tamu?"

Nikalia hapo, na hakunikataza.

Jumanne zangu sikuzikosa tena. Nilijifunza kuvua viatu nikifika nyumbani, na siku nyingine hata kupika. Ila kiwandani, kila mapumziko, wenzangu walipomimina chai ya tangawizi na kugawana karanga zenye pilipili, mtu alinikumbuka. Kikombe cha maziwa kiliwekwa mbele yangu, kimefunikwa kwa kisahani kisiingie vumbi la unga.

"Tumbo?" waliniuliza.

"Linapoa."

Nami nilikaa katikati yao nikinywa maziwa yangu, tangawizi yao ikininukia.