Vigelegele Mbele ya Mizani

Tulikuwa watano pale klabu ya makasia. Mimi, bibi yake mzaa mama. Mama yake, binti yangu wa tatu. Shangazi yake, dada wa baba yake, anauza samaki kule Mabawa. Kocha, Msambaa, mtoto wa jirani yangu wa Nguvumali. Na bingwa mwenyewe. Majina yote ninayo, hata la karani wa mizani na la mama yake. Siyaandiki tu.

Mjukuu wangu ni bingwa wa makasia wa uzito mwepesi. Mara nne kawashinda wenziwe, na zote kaenda kinyumenyume, maana ndivyo wanavyokaa, wanakokwenda wamekupa mgongo. Siku hiyo mshindi alikuwa apelekwe nje ya nchi. Lakini kwanza wapimwe, na aliyezidi haingii majini.

Sasa sisi mizani tuliyoizoea ni ya kliniki, ya watoto. Karani aliposema, "Amezidi nusu kilo," shangazi akapiga kigelegele, nami nikamwitikia.

"Bada hiyo, ugali wangu wa muhogo," shangazi akasema. "Jana kalala kwangu."

Kocha akaketi chini. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Si ulishaniamkia?"

"Nakuamkia tena, nisije nikatukana."

Ndipo akatueleza: ndani ya saa moja apungue, la sivyo safari hana. Mtoto akaanza kulia. Nikataka kumnyamazisha, shangazi akanishika mkono. "Mwache, mama. Machozi nayo yana uzito."

Tukamvisha sweta la kocha na koti la karani, akakimbizwa ufukweni juani huku ananyonya ndimu na kutema kwenye kopo. Shangazi akalipima kopo kwa mkono, kama anavyopima samaki wake. "Robo hii. Tema, mwanangu, usione haya."

Mtoto akarudi mizanini. Kazidi bado, kidogo tu. Mama yake akaomba mkasi kwa karani, akamkata rasta zote, zilizosukwa siku mbili tu nyuma. Karani akatazama, akasema, "Sawa." Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele, tulimtazama kocha kwanza.

Mjukuu wangu akashinda. Mimi nasema kwa urefu wa mtumbwi mzima, mama yake anasema ni pua ya mtumbwi tu. Kusema kweli nilikuwa nimefumba macho. Aliyekuwa ameyafumbua, na anirekebishe.