Kipande cha Barabara cha Baba

Baba yangu alikuwa kantonye. Vijana wa Butembo wanaopita leo na pikipiki zao hawalijui tena neno hilo, kwa hiyo nalieleza: kantonye ni mtu aliyepewa kipande cha barabara akitunze kwa mikono yake, kwa jembe, panga na beleshi. Anafyeka kando, anaziba mashimo, na zaidi ya yote anazibua mifereji ili maji yasilale barabarani. Kipande cha baba kilikuwa mlimani, upande wa Alimbongo, kwenye baridi na ukungu. Nyumba yetu ilikuwa katikati yake. Serikali iliyompa kazi ile ilikuwa imemsahau zamani, lakini kila asubuhi aliamka na kushika beleshi. Mama alikuwa akisema mume wake ana wake wawili, na mke mkubwa ni barabara. Alisema huku akicheka, ila si kila siku.

Kaskazini, nusu saa kwa mguu, kilianza kipande cha mwenzake. Walifundishwa kazi pamoja na walizeeka wakishindana. Jumapili baada ya misa walitembezana, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na kila mmoja alitafuta kosa kwa mwenzake kama mama mkwe anayekagua sufuria. Jani moja likiziba mfereji, lilizungumzwa mwezi mzima. Mimi niliwaona wazee wawili wasio na kazi. Nilikuwa na hasira nyingi miaka ile na sikuwa na subira na mtu anayependa udongo.

Vita vilinirudisha kwa wazazi. Nilikuwa nimeolewa kusini, karibu na Kanyabayonga, na mstari wa vita ulipokuja kulala hapo nilipanda mlima na mtoto mgongoni, mume wangu akabaki kulinda ng'ombe ambao hatimaye hakuwalinda. Kusini ya Kanyabayonga lilikuwako jeshi moja, kwetu jingine, na yote mawili yalisema yanatukomboa. Chakula na risasi za jeshi la kwetu vilipita mlangoni petu. Chumvi, sabuni na mapipa ya mafuta viliingia Kasindi, vikapita Beni, vikapita Butembo, vikapanda kwetu kwa kamyo, yale malori makubwa, kwenda mbele vitani. Viazi na kabichi zetu ziliteremka kwa kamyo hizohizo, pamoja na majeruhi. Njia nyingine haikuwako. Usiku na mchana nyumba ilitikisika, vikombe vikalia kabatini, na mtoto wangu akajifunza kulala katikati ya mngurumo. Nilichoka na sauti ile kuliko nilivyochoka na njaa.

Kisha barieri ikaja, kizuizi cha askari barabarani. Komanda mmoja alipita akitafuta mahali pa kusimamishia magari, na alikuwa mtu mwenye akili. Kamyo ikisimamishwa kwenye matope haiondoki tena. Akahitaji mahali pakavu, na pakavu kuliko pote kutoka bondeni mpaka kileleni palikuwa mbele ya nyumba yetu. Wakafunga mti juu ya mapipa mawili, wakajenga kibanda cha maturubai kando ya jiko la mama.

Komanda alimshika baba bega mbele ya watu. "Muzee, hii kazi yako ni ya muzuri sana. Hii barabara ikikatika, batu bangu ba Kanyabayonga batakula majani. Uiangalie muzuri."

"Naiangalia, komanda," baba alisema. Naona aibu kuandika hivi, lakini alifurahi. Miaka mingi hakuna mkubwa aliyekuwa amemsifu.

Furaha hiyo haikumaliza wiki mbili. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka kumi na saba, na komanda alianza kumuita alete chai. Halafu chai haikutosha, ikawa kupika mboga. Halafu ikawa akae pale mpaka wamalize kula. Mama akaenda badala yake na sufuria kichwani, akarudishwa. Tukataka kumtuma Butembo kwa mama mdogo, lakini komanda alikuwa ametangaza pale barierini, akicheka, kwamba msichana wa mzee kantonye hana ruhusa ya kusafiri. Mlango wetu ulikuwa mita ishirini kutoka kwenye macho yao. Kutoka kwenda chooni kulionekana.

"Leo anamuitia chai," mama alimwambia baba. "Kesho atamuitia nini?"

Baba alishika tama, akatazama nje.

"Si hii barabara yako ndiyo ilibaita!" mama akasema, na sasa hakucheka. "Pangekuwa na matope, bangepita."

Siku ya tatu baada ya maneno hayo nilimwona baba akifanya kazi kwenye mdomo wa mfereji, pale maji yanapoacha barabara na kumwagikia bondeni. Ilikuwa saa tano, mchana mweupe. Askari walikuwa wakicheza karata. Walikuwa wamezoea kumwona ameinama pale, hata hawakugeuza kichwa. Nilimpelekea maji ya kunywa, ndipo nikaona kwamba hazibui. Alikuwa amekata mabonge ya udongo na majani yake bondeni, ya mraba sawasawa, na alikuwa akiyapanga mdomoni mwa mfereji, majani juu, kana kwamba yameota hapo tangu zamani. Uso ulikuwa umelowa, na mvua haikuwa imeanza.

"Papa, unafanya nini?"

"Rudi mu nyumba," aliniambia. "Hapana kuniangalia."

Nilirudi. Sijawahi kumwonea mtu huruma namna ile, na bado nilikuwa na hasira kwamba amechelewa.

Mvua ya kwetu haihitaji kubembelezwa. Maji yalijaa mferejini, yakakosa pa kwenda, yakapanda barabarani na kutafuta njia yao. Siku ya nne palikuwa na mfereji mpya katikati ya kipande cha baba. Wiki ya pili kamyo ya chumvi ililala pale siku tatu, nyuma yake nyingine ya mapipa, nyuma yake ya akina mama wa Kyavinyonge na samaki wao, ambao walishuka wakabeba vikapu kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso na kutembea huku wakitutukana. Dereva mmoja, matope mpaka kiunoni, alipiga kelele kuelekea mlangoni petu.

"Hapa hakuna kantonye? Alikufa?"

"Ndiyo," baba alimjibu. "Alikufa."

Komanda alimlaumu kidogo, baba akaonyesha mawingu, na komanda akaona ni kweli, mvua ni mvua. Askari wakafungua mti na maturubai yao, wakabeba mapipa, wakaondoka asubuhi moja, na jiko la mama likabaki na majivu ya moto wao. Hakuna tena aliyeangalia mlango wetu. Siku mbili baadaye mdogo wangu alipita njia za mashambani na wanawake wawili wa jamaa, wakalala Lubero, wakafika Butembo. Yuko huko mpaka leo, ana watoto wanne, ana kibanda cha nguo sokoni. Nilipopata habari kwamba amefika nililala mchana mzima kama mtu aliyepigwa.

Barieri haikwenda mbali. Ilihitaji mahali pakavu, na pakavu sasa palikuwa kwa yule mwenzake baba.

Nyumbani hatukulizungumza. Jumapili zilipita, baba hakwenda kutembea na mzee yule, akasema magoti yanamuuma. Miezi miwili baadaye kikosi kiliitwa mbele, Kanyabayonga, kikapanda kamyo na vyombo vyake vyote. Habari ilitufikia jioni ileile kupitia mwanamke aliyetoka kuuza maharage: wameondoka pia na binti wa yule kantonye mwenzake. Alikuwa anawapikia.

Mzee yule, mwenzake baba, alikuja siku ya tatu, asubuhi. Alivaa koti lake la misa. Aliwasalimu watu wote wa nyumba, akamuuliza mama habari ya maharage, akakaa, akashika kikombe cha chai bila kukinywa. Kisha alimwambia baba, "Twende tuone kipande chako," kwa sauti ileile ya Jumapili. Walitoka. Mimi niliwafuata na mtoto mgongoni kwa sababu niliogopa watapigana.

Hakuangalia mashimo. Alikwenda moja kwa moja mdomoni mwa mfereji, akapiga magoti na koti lake zuri, akaingiza vidole kwenye majani na kung'oa bonge moja. Aliligeuza. Kingo zake zilikuwa bado zimenyooka.

"Haya majani ni ya bondeni," alisema. "Hayaoti huku juu. Na maji hapana kukata mraba."

Baba alisimama na mikono imening'inia.

"Nilikuwa na mutoto mu nyumba," alisema. "Ulimuona."

"Nilimuona."

"Nilisikia aibu. Kantonye anaharibisha barabara yake mwenyewe, anaenda kumwambia nani? Nikuambie weye?"

Mzee alikaa chini kwenye ukingo, matope yakaingia kotini. Nilingoja matusi, nikayataka hata, kwa kuwa matusi yangetumaliza upesi. Alizungumza taratibu kama mtu anayetafuta hesabu ya kazi.

"Ungeniambia miye, ndugu yangu. Ningefunga mufereji wangu siku ileile. Kantonye wa mbele yangu naye ana wasichana, angefunga wake. Bangetembea na barieri yabo mupaka mujini, kwenye kuko batu bengi ba kubaona. Saa moja tu ya kazi. Saa moja."

Nilidhani yamekwisha, lakini mzee aliinua macho akaniangalia mimi.

"Na weye, mama. Weye ulikuwa unapita kwangu kila siku ya soko."

Ilikuwa kweli. Wiki ile baba alipoziba mfereji nilipita kwake nikitoka kununua chumvi, na nilipotua mlangoni kupumzika, binti yake alinichotea maji, akamshika mtoto wangu, akaniuliza kama ni kweli barabara kwetu imeanza kuharibika. Nilimwambia ni mvua tu. Akanisaidia kuinua mzigo, nami nikashika njia.