Meza Yenye Pindo

Alefiya alikuwa na hasira ya miezi saba. Haikuwa hasira ya makelele. Kutwa nzima katika chumba chake cha kushonea, chini ya nyumba ya familia yao nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, alikata vitambaa vya rida, mavazi ya wanawake wenzake wa Kibohora, huku ameuma meno, na wateja walijua wasimuulize habari za kaka yake.

Kaka yake ni Juzer, mwenye duka la mbao na misumari mjini. Mtu anauza mbao, halafu nyumbani kwake mamake hana meza ya kulia!

Nyumba hiyo ilikula kama Mabohora wanavyokula. Sinia kubwa huwekwa juu ya kigoda chake, watu wote wakakaa chini kulizunguka, na hakuna anayegusa chakula kabla ya kuonja chumvi. Chumvi hiyo aliigawa mama yao, Bi Kaneez, tangu wao hawajazaliwa. Kisha magoti yakamwishia nguvu. Siku moja alikaa na hakuweza kuinuka. Aliinuliwa na watu wawili huku akilia kwa aibu, na siku hiyo hiyo Juzer akaamuru apelekewe sahani chumbani, ati apumzike. Akawa anakula peke yake kitandani, sahani mapajani, akiwasikia wanawe na wajukuu wakicheka upande wa pili wa ukuta. Sahani ilirudi nusu.

"Kwani meza ina nini?" Alefiya aliuliza. "Sinia liwekwe juu, sote tukae vitini."

"Babu zetu walikula tini, sakafuni," Juzer akamjibu. "Siwezi kugeuza nyumba hoteli kwa magoti ya mtu mmoja."

Magoti ya mtu mmoja! Na mtu mmoja huyo ndiye aliyemzaa. Alefiya alilala na maneno hayo, akaamka nayo, kisha akaenda kununua plaiwudi. Alipita mbele ya duka la kaka yake bila kugeuza shingo, akanunua kwingine.

Alimpima mama kama anavyompima mteja. Alimkalisha kitini, akashika tepu kutoka sakafuni hadi chini ya kifua, akapunguza kimo cha kigoda cha sinia, akaandika kwenye daftari. Dzoro, fundi wa mbao anayekaa mtaa wa Buxton, akamkatia vipande.

"Nimekata vile vile ulivyoandika, Bi Alefiya," alisema alipoleta mzigo. "Hata nukta sijazidisha."

Siku mbili Alefiya alipiga skurubu, akapaka gundi, akasugua msasa mpaka vidole vikachubuka. Jumapili mchana yeye na mke wa Juzer wakaipandisha meza ngazi, wakaweka sinia, wakamleta mama.

Ukingo wa sinia ukamfikia kwapani.

Bi Kaneez aliinua mkono kama mtoto anayenunua peremende kwenye kaunta ndefu, akaushusha. Juzer alicheka hadi akashika ukuta. Alefiya alifungua daftari, damu ikamchemka, safari hii akijikasirikia mwenyewe. Inchi moja ya mshono, tatu za pindo. Miaka thelathini hajawahi kuandika kipimo bila kuongeza, na mkono wake ulikuwa umeongeza wenyewe.

"Umeitia pindo meza!" Juzer alisema, machozi ya kicheko yakimtoka.

Alefiya alishuka hadi chumba chake cha kushonea. Akarudi na msumeno na chaki ya kushonea. Sinia likateremshwa, meza ikalazwa ubavu, akachora inchi nne kwenye kila mguu na kuanza kukata mbele ya watu wote, unga wa mbao ukimjaa kwenye rida.

"Wali wapoa," Juzer akasema.

"Na upoe! Wa Mama umepoa miezi saba!"

Hapo Juzer hakucheka tena. Meza ilisimamishwa, sinia likarudi, na sasa likamkaa mama sawasawa chini ya kifua. Mke wa Juzer akavuta kiti, watoto nao wakakaa. Juzer alibaki amesimama, mikono kifuani.

Bi Kaneez akachukua kibakuli cha chumvi. Viganja vikanyooshwa. Yeye akakifunika kwa mkono, akamtazama mwanawe.

"Waanze tu, Mama," Juzer akasema.

"Miezi saba nimekaa nyuma ya ukuta ule nawasikia mkianza bila mimi," mama alisema kwa ghadhabu ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. "Leo haanzi mtu."

Wali ulizidi kupoa. Watoto walimtazama baba yao. Mkewe alimtazama. Alefiya peke yake hakumtazama, alikuwa akijipangusa unga wa mbao magotini.

Juzer akavuta kiti, akakaa.

Mama akawagawia wote chumvi, kuanzia kwa Alefiya. Juzer akawa wa mwisho kupewa.