Uso Juu ya Keki

Kwa nini niliuweka uso wa mtu yule kwenye jalada la tasnifu yangu ya chuo kikuu? Miaka mingi imepita na bado sina jibu linalonitosha. Alikuwa mkuu wa polisi wa Kinazi katika mji mmoja wa Poland. Ndiye aliyeamuru Wayahudi watolewe majumbani, mtaa kwa mtaa, na kupakiwa kwenye treni za kwenda kuuawa. Tasnifu nzima ilimhusu yeye. Siku nilipoitetea na kufaulu, nilirudi mtaani kwetu Evere kwa basi kama mlevi, nikiwasalimu abiria nisiowajua.

Nyumbani mama mdogo, aliyenilea tangu Lubumbashi, alinifunga kitenge machoni, akanifungua mbele ya keki pana ajabu iliyozungushiwa stroberi. Juu yake, kwa rangi za sukari, mkuu wangu wa polisi alinitazama kutoka chini ya kofia yake.

"Nilipatia patissier wa keki photo ya kitabu yako," akasema kwa fahari. "Professeur yako anatoka muzuri, hein?"

"Mama, huyu si profesa. Ndiye yule muuaji."

"Eh! Na mimi nilimuzungushia fraise!"

Tonton, mumewe, akaangua kicheko, mama mdogo akafuata, na mimi nikacheka hadi nikakaa sakafuni. Kisha nikakumbuka ni nani aliyekuwa njiani: bibi wa ghorofa ya chini, Myahudi mzaliwa wa mji ule ule, ambaye baba yake alipandishwa mojawapo ya treni zile. Alikuwa amenisahihishia Kifaransa cha kila sura ya tasnifu. Jalada hakuwahi kuliona.

"Tumupake crème!" tonton akaamuru.

Tukampaka krimu. Akaota ndevu na nyusi nyeupe, akafanana kabisa na Mtakatifu Nikolasi, yule mzee wa kuwaletea watoto zawadi, nasi tukacheka upya. Kengele ikalia.

Bibi aliegemea fimbo yake, akaiinamia keki. Macho tulikuwa tumesahau kuyafunika.

"Baba yangu hakuacha hata picha moja," alisema kwa Kifaransa chake cha taratibu. "Huyu anazo mpaka kwenye keki."

Akavuta kiti.

"Kateni basi. Mimi nianzie kwenye kofia."

"Maman, crème mingi ao kidogo?" tonton akauliza, na bibi akacheka kwa sauti kutushinda sote.

Tulicheza rumba, yeye akitupigia makofi kitini. Lakini maneno yake ya kwanza yalizunguka pamoja nami chumba kizima, na kabla muziki haujakoma nilikuwa nimeamua.

Asubuhi nilikuwa mteja wa kwanza kwenye duka la uchapaji huko Saint-Josse, nayo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka nakala za tasnifu maktabani. Nikaomba picha iondolewe.

"Tuweke nini badala yake?" mwenye duka akauliza.

"Jina la mji linatosha."

Zikatoka nakala sita, jina la mji juu, na chini yake peupe bila picha. Ya kwanza nilimpelekea bibi, pamoja na kipande cha keki kilichobaki, akiwa bado na kanzu ya kulalia.