Rangi ya Bwawa Imebambuka, na Shemeji Ananisingizia

(Jina la mwenye barua na la shamba anakofanya kazi tumeyaficha kwa ombi lake. Maneno ni yake mwenyewe.)

Nina miaka arobaini na moja, mke na watoto watano, na ni fundi wa rangi katika shamba moja la chai upande wa Kericho. Kwetu ni Kisii, lakini nimekaa humu tangu kabla ya Uhuru na watoto wangu wote wamezaliwa katika nyumba ya shamba. Ijumaa hii huenda nikafukuzwa, na ukifukuzwa hapa nyumba unaiacha siku hiyo hiyo. Anayetaka nifukuzwe ni mume wa dada yangu.

Huyu mtu namchukia, sitawadanganya. Alipotoka Kapsoit kuja kutafuta kazi hakuwa na pa kulala. Alilala kwangu sakafuni miezi mitano, akala ugali wangu, akamwona dada yangu, akamwoa. Sikukataa, maana tunasali kanisa moja. Akaingia kiwandani kwenye mashine ya kukausha chai, na huko kazi aliijua, hilo siwezi kumnyima. Mwaka jana akapewa usimamizi wa majengo yote ya shamba, akawa mkubwa wangu. Kuanzia hapo jina langu likawa "wewe fundi". Nikienda kumsalimu dada yangu napitishwa mlango wa jikoni. Siku moja mbele ya wachuma chai akasema, "Huyu tulimwokota tu." Yeye! Aliyelalia gunia langu!

Sasa nije kwenye bwawa. Klabu ya shamba ina bwawa la kuogelea. Zamani sisi tulilisafisha tu, wakaogelea Wazungu. Siku hizi wakubwa wetu weusi nao wanaingia, na meneja mpya alitaka ling'ae kabla ya wageni wa mashamba jirani kuja kushindana. Likapigwa plasta mpya. Plasta mpya haipakwi rangi upesi, tena huku kwetu ambako mvua ni kila alasiri. Shemeji akafunika bwawa kwa turubai, akateremsha madebe ya makaa, akayawasha siku nne mfululizo. Siku ya tano akashuka mwenyewe, akaweka kiganja ukutani, kisha akakinusa. Ndivyo alivyokuwa akipima chai ikitoka kwenye mashine.

"Imekauka," akasema. "Paka."

Nikamwambia, "Shemeji, hii ukuta iko na maji ndani. Ni juu tu imekauka. Tungoje kama wiki tatu."

Akawageukia watu wawili waliokuwa wameshika turubai, akacheka. "Mimi nimekausha chai ya hii shamba miaka tisa na haijawahi kurudishwa hata gunia moja. Leo wewe na burashi yako ndio utanifundisha kitu imekauka? Paka, ama nitafute mtu mwingine."

Wasomaji, kosa langu linaanzia hapa. Jioni ile nilibandika karatasi ya nailoni ukutani, nikaziba kingo zote. Hiyo ndiyo njia niliyofundishwa ya kujua kama ukuta bado unatoa maji. Asubuhi karatasi ilikuwa imejaa matone kwa ndani. Ningeweza kumpelekea akaone, au nikaenda kwa meneja mwenyewe. Sikwenda. Niliikunja, nikachukua burashi, nikapaka bwawa lote mara mbili huku nikipiga mluzi. Nilitaka rangi ibambuke wageni wakiwa majini, aaibike mpaka akose pa kuuweka uso.

Ikabambuka kweli. Siku ya mashindano ukuta mzima ulikuwa umetoa malengelenge mapana kama chapati, na waogeleaji wakawa wanayapasua kwa miguu. Mke wa meneja akatoka majini na vipande vya buluu kwenye nywele na shingoni. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ua, nikafurahi. Nilifurahi mpaka mtoto wa mgeni mmoja alipoanza kutapika maji yenye magamba ya rangi, hapo nikaondoka.

Shemeji hakuaibika hata kidogo. Kesho yake tulipoitwa ofisini, alimwambia meneja kwamba mimi nilizidisha maji kwenye rangi, na kwamba sikumwonya lolote. Alisema hayo nikiwa nimesimama pale pale, macho makavu! Meneja akaamua kwamba Ijumaa atatusikiliza wote wawili, na mmoja ataondoka. Sasa wale watu wa turubai walinisikia nikimwonya, na wako tayari kusema. Kwa hiyo nikifungua mdomo, amekwisha.

Juzi dada yangu akaja kwangu na mtoto wake mdogo mgongoni. Nilijua amekuja kumtetea, nikamkaribisha kwa ubaridi.

"Kaka, mimi nilimwambia akusikilize, wewe ndio fundi," akasema. "Akaniambia, 'Kaka yako anapenda tu kubishana. Kama ile ukuta ingekuwa mbaya kweli, angekataa kupaka. Hawezi kuacha watoto wa dada yake waharibikiwe.'"

Nikamfokea, nikamwambia aende akalie kwa mumewe mwongo. Akaondoka bila kuaga. Tangu hapo sahani yangu inarudi na chakula chake, na mke wangu ananiuliza nina nini.

Msiniambie nimsamehe. Simsamehi, na akiniita fundi tena tutashikana mashati. Lakini nikisema tu kwamba nilimwonya, nitakuwa nimesema kweli, nami nitabaki katika nyumba yangu na dada yangu ataenda barabarani na watoto wake. Nikisema na habari ya ile karatasi, watakaokwenda barabarani ni wangu. Hakuna anayeijua ila mimi, na sasa ninyi. Ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu, nipeni shauri kabla ya Ijumaa: mbele ya meneja niseme nusu, au niseme yote?