Mkono wa Msusi na Karani Asiyebahatisha

Saa moja na nusu asubuhi karani wa kumbukumbu za hospitali anafuta meza kwa kitambaa chenye unyevu, anachonga penseli mbili, kisha anavuta faili la kwanza kati ya hamsini yanayomngoja. Chumba ni chembamba kama ujia, na rafu zimefika darini.

Kazi yake ni kugeuza maelezo ya daktari kuwa msimbo, yaani herufi na tarakimu chache zinazosema mgonjwa kaumia nini. Huwezi kuandika tu "kavunjika mkono" yakaisha. Chini ya kiwiko kuna mifupa miwili iliyolala sambamba. Umevunjika upi? Wa kulia au wa kushoto? Juu, katikati, au karibu na kiganja? Umetoboa ngozi au umebaki ndani?

Kwa maswali hayo wauguzi wamempachika jina la Mama Kulia-Kushoto. Yeye hucheka. Nyumbani, anasema, hata mumewe akitafuta kiatu huulizwa kwanza ni cha mguu upi.

Miezi mitano iliyopita lilimfikia faili la msusi aliyeanguka na baiskeli. Daktari aliandika kwamba mifupa yote miwili ya mkono wa kulia imevunjika, na mkono umefungwa plasta. Kuhusu ngozi, kimya. Kitabu cha misimbo kinaruhusu: pasipoandikwa kitu, hesabu mfupa haukutoka. Karani angeweza kuandika hivyo, akaenda kunywa chai yake.

Lakini nyuma kabisa, kwenye karatasi ya muuguzi wa mapokezi, palikuwa na mstari wa kalamu ya kijani: kidonda kidogo kama punje ya mtama, kinavuja damu. Mkono uleule.

Chai ikabaki mezani. Akapanda wodini na faili mkononi.

"Samahani, daktari. Mfupa huu ulitoboa ngozi au haukutoboa?"

"Mama Kulia-Kushoto, leo umeongeza na ndani-nje?" daktari akamtania. Kisha akausoma ule mstari, akaagiza plasta ikatwe.

Ncha ya mfupa ilikuwa imetoboa ngozi ikarudi ndani, pamoja na uchafu wa barabarani. Siku hiyohiyo msusi aliingizwa chumba cha upasuaji, mfupa ukasafishwa.

"Siku mbili zaidi, pengine tungeukata mkono," anasema daktari. "Nilikuwa nao mbele yangu, sikuona. Karani huyu hata mgonjwa mwenyewe hajawahi kumtia machoni."

Msusi bado anastaajabu. "Kumbe kulikuwa na mama huko chini, ananisoma taratibu hivyo."

Sasa karani anataka fomu ya mapokezi iongezwe swali moja: ngozi imetoboka, ndiyo au hapana? Amelichora mwenyewe kwa rula, na kulipeleka kwa mganga mkuu mara mbili. Ataenda ya tatu.

Juma lijalo msusi anakuja kupimwa mara ya mwisho. Faili lake limekwishatengwa kando.

"Nikishaandika kwamba kapona," anasema karani, akivua kitambaa cha kichwa, "nitamfuata saluni kwake. Nataka mkono uleule unisuke."