Miguu ya Mama Mkubwa

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu nje kidogo ya Ibadakuli, mtu akikaa chini akanyoosha miguu, ulizunguka. Ukijisahau ukairuka, ulirudi palepale ukaruka tena kinyume, ndipo mambo yakawa sawa. Sheria hiyo niliijua kabla sijajua kuhesabu, na siku moja niliivunja kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza.

Miguu niliyoiruka ilikuwa ya Mama Mkubwa, mke wa kwanza wa baba. Alikuwa amekaa uani akimenya karanga. Mungu hakumjalia mtoto, na moshi wa samadi tuliyopikia ulikuwa umemwachia macho mekundu. Kwetu mambo hayo mawili yalitosha kumharibia mwanamke jina.

"Rudi uliporukia," aliniambia. "La sivyo miguu itakuuma."

Nilicheka nikakimbia. Mama yangu mzazi alikuwa jikoni, akasikia kila neno.

Mvua hazijakatika nikaanza kuchechemea. Maumivu yalikuwa gotini, basi goti ndilo lililochanjwa chale na kupakwa dawa nyeusi. Halikuvimba wala halikuwa na joto, lakini kila nikijigeuza usingizini nilipiga ukelele. Mama hakumwambia Mama Mkubwa lolote. Aliacha tu kula alichokipika yeye, na kwenye boma la wake wawili hakuna tusi linaloshinda hilo.

Baba aliporudi likizo kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita, alinipeleka kwa mfumu, mganga anayesoma kuku. Niliambiwa nimtemee kifaranga mate mdomoni, kisha kifaranga akapasuliwa. Mfumu alimtazama, akamgeuza, akamtazama tena.

"Kuna mwanamke," alisema. "Ni wa humohumo bomani. Kinywa chake ndicho kilichomfunga mtoto."

Leo namcheka mfumu yule. Ni boma gani la Kisukuma lisilo na mwanamke mwenye kinywa? Lakini siku ile hakuna aliyecheka.

Wazee wa ukoo walitaka Mama Mkubwa arudishwe kwao mara moja. Sote tulijua kwamba mwanamke aliyefukuzwa kwa jina la uchawi anaweza asifike kwao. Baba aliwasikiliza hadi wakanyamaza.

"Aliyefunga ndiye anayefungua," alisema. "Atampeleka mtoto hospitali, atamuuguza yeye. Mtoto akipona, warudi wote. Asipopona, yeye asirudi hapa."

Tukapanda lori la pamba la Mhindi mwenye duka, mimi nimelazwa juu ya marobota, Mama Mkubwa amekishika kichwa changu kisigongwe. Nilimwogopa. Kila alichonipa nilingoja aonje kwanza, naye alionja.

Daktari, Mzungu mrefu, aliligusa goti kidogo akaliacha. Alinilaza chali, akalikunja paja, akalizungusha, na nikamng'ata Mama Mkubwa mkono. "Goti hili linaonewa bure," dresa, msaidizi wake, alitutafsiria kwa Kisukuma. "Ugonjwa uko nyongani, goti linapokea maumivu tu." Picha ya mfupa ilionyesha vivyo hivyo. Ilikuwa kifua kikuu, ambacho mdudu wake kumbe huingia hata mifupani.

"Muulize," Mama Mkubwa alimwambia dresa, "maneno ya mtu yanaweza kumleta mdudu huyo?"

Dresa alicheka. Swali hilo hakulitafsiri.

Walinivuta mguu kwa kamba, mfuko wa mchanga ukining'inia mwisho wa kitanda, wakanichoma sindano zisizokwisha. Baadaye wakanifunga plasta kutoka kifuani hadi unyayoni. Mama Mkubwa alinigeuza, alinipepea, alipitisha bua la mtama ndani ya plasta kunikuna nilikowashwa. Sikumbuki ni lini nilianza kula bila kungoja aonje.

Plasta ilipofunguliwa, kiungo kilikuwa kimeshaliwa. Baba akaitwa. Daktari alimweleza kwamba nikiachwa hivyo maumivu yatakwenda na kurudi; nikipasuliwa, mfupa wa paja ukaunganishwa na nyonga, maumivu yatakwisha, lakini mguu hautakunjika tena pale.

"Hapo tutasema amepona?" baba aliuliza.

"Atatembea bila maumivu."

Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Jibu hilo halikumsaidia, maana daktari hakusema nitapona, na baba aliliona hilo. Akasema nipasuliwe.

Tuliporudi, ua ulikuwa umejaa watu. Nilitoka kwenye lori nikavuka ua, mguu umekakamaa kama mchi, wote wakinitazama kiunoni. Maumivu hayaonekani, kuchechemea kunaonekana. Mzee mmoja aliguna.

Mama Mkubwa akatua mzigo wake. Akakaa mavumbini mbele ya watu wote, akanyoosha miguu.

"Ruka urudi, mwanangu."

Ningerukaje? Ndipo mama yangu, ambaye tangu chale za goti alikuwa hajasema na mke mwenzake, akatoka jikoni, akanishika makwapani, akaninyanyua na kunivusha. Kisha akauchukua ule mzigo akauingiza ndani. Hakuna aliyezungumzia tena habari za kufukuza mtu.

Mguu haujaniuma hadi leo, na naamini kabisa habari ya yule mdudu. Lakini nilipokuwa hewani nilitazama chini, nikaiona miguu ya Mama Mkubwa ikitetemeka. Kwa miaka mingi nilidhani aliwaogopa wazee. Sasa nina wajukuu, na nimeshawahi kumkaripia mmoja jioni, usiku akashikwa na homa, nikakesha nikiyarudia maneno yangu moja moja. Mama Mkubwa hakuwa akiwaogopa wazee tu. Muda wote ule alioniuguza, hakuwa na hakika kwamba si yeye.